Maswali na majibu: Dashibodi haiumwi, linaloumwa ni shiti

Msimu wa korosho ukianza, maswali ya Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza dashibodi, huja kwa gunia. Mengi ni yaleyale, kwa hiyo haya sita yatawatosha na walionyamaza.

Nimeondoa marudio kwenye orodha ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) ndani ya Power Query, lakini nikiiunganisha na jedwali la mizigo, Power BI inadai kuna majina yanayojirudia. Nimehesabu mara tatu, hakuna. (Karani, Tandahimba)

Yapo, ndugu karani. Power Query, yaani sehemu ya kusafishia data, na modeli ya data, yaani majedwali yaliyokwisha kupakiwa na kuunganishwa, havioni kwa jicho moja. Kwa Power Query, "Mahuta", "MAHUTA" na "Mahuta" lenye nafasi iliyoachwa mwishoni ni majina matatu, hivyo "Remove Duplicates" inayaacha yote. Yakishuka kwenye modeli, herufi kubwa na ndogo zinakuwa mamoja na ile nafasi ya mwishoni inakatwa. Matatu yanageuka jina moja lililorudiwa mara tatu, uhusiano unakataa.

Dawa ni kufuata mpangilio. Chagua safu ya jina, nenda "Transform", "Format", kisha "Trim", "Clean" na "UPPERCASE". Ndipo uondoe marudio. Ukiondoa kwanza na kusafisha baadaye, umerudi ulikotoka. Jedwali la mizigo nalo lipitishe humohumo. Kumbuka pia kwamba "Trim" haigusi nafasi mbili zilizo katikati ya jina, kama za "Mnazi  Mmoja". Hizo zitoe kwa "Replace Values".

Hukuuliza, lakini nasema: jina si ufunguo. Kila AMCOS ipewe namba yake, na kwenye Google Sheets weka orodha ya kuchagua kupitia "Data", "Data validation", ukiamuru kisichomo kwenye orodha kikataliwe. Karani anayeandika jina kwa mkono msimu mzima ataliandika kwa namna nne. Si uzembe, ndivyo vidole vilivyo.

Jumla ya kilo kwenye dashibodi ni ndogo kuliko ya stakabadhi. Je, Power BI inakosea hesabu? (Mhasibu, Masasi)

Haikosei. Kuna mtu ameandika "1250 kg" ndani ya seli. Ukibadili safu kuwa namba, seli hiyo inakuwa kosa, na kosa likipakiwa linakuwa tupu. Jumla inapungua kimya kimya. Ndani ya Power Query fungua "View", washa "Column quality", uone asilimia ya makosa. Angalia pia chini kushoto: kwa kawaida inakagua mistari 1,000 ya kwanza tu. Bonyeza hapo uchague data yote, la sivyo utaambiwa safu ni safi wakati uchafu uko mstari wa 4,000. Kipimo kiandikwe kwenye kichwa cha safu, kisiingie ndani ya seli.

Dashibodi haijisasishi nikizima laptopu. (Wasomaji wanne, Lindi na Mtwara)

Swali hili limejibiwa mpaka limechakaa. Faili liko kwenye diski ya C. Wingu litalifikiaje kwenye mashine iliyozimwa? Kusakinisha getwei, programu inayounganisha kompyuta yako na wingu, hakuondoi tatizo, maana nayo inataka kompyuta iwe imewashwa na bando lipo saa ya kusasisha ikifika.

Hamishia faili SharePoint au OneDrive ya kazini. Lifungue kwa Excel ya kwenye kompyuta, nenda "File", "Info", "Copy path". Bandika njia hiyo kwenye "Get Data", "Web", futa "?web=1" iliyo mwishoni, kisha ingia kwa akaunti ya kazi. Getwei haihitajiki tena. Kwa Google Sheets kuna kiunganishi chake humohumo kwenye "Get Data".

Leseni ya Power BI Pro inaruhusu kusasisha mara 8 kwa siku. Ikishindwa mara nne mfululizo, ratiba inazimwa. Sababu ya kushindwa mara nyingi ni ya kibinadamu: aliyeunganisha kahama kituo na paswedi yake, au mtu kabadili kichwa "Kilo" kuwa "Uzito". Hatua ya "Changed Type" inatafuta "Kilo" na haiioni, kazi inasimama. Tumieni akaunti ya ofisi, na vichwa vya safu visiguswe.

Tarehe 3 Aprili inasomeka 4 Machi, nyingine zinakuwa kosa. (Nachingwea)

Shiti lako linafuata mpangilio wa Marekani. Ukiandika 03/04/2025 linaelewa 4 Machi. Ukiandika 25/04/2025 halioni mwezi wa 25, linaiacha kama maandishi, na utaitambua kwa kuegemea kushoto mwa seli. Zinazokuwa kosa ni rafiki zako, angalau zinapiga kelele. Ziogope zile za tarehe 1 hadi 12.

Badilisha kwenye "File", "Settings", "Locale", uchague United Kingdom. Hilo linatibu zitakazoandikwa kuanzia leo. Zilizokwisha kugeuzwa zinabaki zimegeuzwa, kwa hiyo toa leja uzisahihishe moja moja.

Nimepanga isasishe saa 2 asubuhi, inafanya saa 5. (Mtwara mjini)

Ratiba yako iko kwenye UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Chagua saa za Nairobi, UTC+03:00.

Bodi inataka kuona dashibodi bila leseni. Nitumie "Publish to web"? (Meneja, Newala)

Hapana! Kiungo hicho kinafunguliwa na yeyote bila kuingia akaunti, na nyuma ya chati mtu anaweza kufikia mistari yenyewe: majina ya wakulima, simu, namba za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ilianza kutumika Mei 2023. Shiti lililofunguliwa kwa "Anyone with the link" lina hatari ileile, nalo lifunge leo.

Kama dola 14 za leseni ya Pro kwa mtu kwa mwezi ni nyingi, wapelekee PDF kila baada ya mnada. Au tumia Looker Studio, programu ya dashibodi ya Google, ni bure, unawaalika kwa anwani zao za Gmail, na data ya Google Sheets hujisasisha kila dakika 15. Safu za simu na benki zisiunganishwe kabisa, kwa sababu bodi inataka kilo na bei.