Shravan ikikukuta Gujarat

Vijana wanaojiandaa kwenda kusoma India huuliza sana kuhusu Diwali. Diwali haina shida: taa, fataki, peremende, unakula unashiba. Mwezi wa kujiandaa nao ni Shravan, ule wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, unaoangukia Julai na Agosti mvua zikiwa zimekolea. Nilipanga Rajkot, mji wa jimbo la Gujarat, kwa miaka kadhaa, ghorofani kwa bibi mmoja tuliyekuwa tukimwita Ba, kama wanavyoitwa wazee wa kike kule, na mengi ninayoyasema hapa niliyaona jikoni kwake.

La kwanza: usiuchukulie kama Ramadhani. Sisi tuliokulia Pwani tunafika na kipimo hicho kichwani, tunatafuta daku na futari, hatuvioni, tunadhani watu wanazembea. Shravan ni mwezi wa nadhiri, na kila mtu huweka yake. Kwa Ba, yeye mwenyewe alikuwa akila mlo mmoja kwa siku mwezi mzima. Mkamwana wake alifunga Jumatatu tu, siku ya Shiva. Mwanawe hakufunga, ila hakunyoa ndevu wala kugusa kitunguu mpaka mwezi uishe. Mjukuu alikula kama kawaida na hakuna aliyemnung'unikia. Kwa hiyo swali la "umefunga?" halikupi jibu la maana. Uliza, "Leo unakula nini, Ba?" Hapo utaelezwa mpaka uchoke.

Tarehe nazo ziangalie vizuri. Kaskazini mwa India mwezi huanza baada ya mwezi mpevu. Gujarat na jimbo jirani la Maharashtra huanza mwezi unapoandama, wiki mbili baadaye. Mwenzako aliyeko Delhi atakuwa keshaanza Jumatatu zake wakati Rajkot bado. Ukisaka tarehe mtandaoni, hakikisha kalenda ni ya Kigujarati. Tena usidhani itarudi nyuma mwaka hadi mwaka kama Ramadhani. Mwaka wa mwezi mwandamo umepungukiwa na siku kama 11, na Wahindu huzifidia kwa kuongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na miezi minane au tisa, ndiyo maana Shravan haitoki kwenye mvua. Mwaka 2023 mwezi wa ziada ulikuwa Shravan yenyewe, zikawa mbili zinafuatana. Kama ulikuwa unangoja harusi ya rafiki, ngoja tu: hiyo miezi minne ya mvua mungu Vishnu huaminika amelala, na harusi husubiri aamke karibu na Novemba.

Maharashtra wana desturi ambayo mtu wa Pwani ataielewa bila kuelezwa: siku ya mwisho kabla ya Shravan walaji nyama huvunja jungu, kuku na pombe tele. Gujarat hulioni hilo hadharani, maana pombe imepigwa marufuku jimboni tangu 1960.

Sasa chakula. Anayefunga haachi kula. Anaacha nafaka na jamii ya kunde. Wali, chapati, dengu, vyote vinawekwa pembeni, na chumvi ya kawaida inabadilishwa na ya mawe. Badala yake kuna sabudana, vipunje vyeupe ambavyo India hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, vinavyokaangwa na viazi, karanga na pilipili. Kuna unga wa rajgira, yaani mbegu za jamii ya mchicha. Kuna viazi vitamu, ndizi, maziwa. Migahawa hubandika mlangoni neno "farali", yaani chakula cha mfungo, na madukani utakuta hata krispi za farali. Kwa maoni yangu baadhi ya watu hunenepa mwezi huu. Ukiwa na kisukari usijiunge kwa mkumbo: ni wanga juu ya wanga, na kinachofuata ni halwa.

Ukishiriki jiko, maliza mazungumzo kabla ya mwezi kuandama. Nyama hata miezi mingine hutaingiza katika nyumba kama ile. Swali ni mayai, kitunguu na kitunguu saumu. Nunua sufuria yako, na hamu ya biriani ikikuzidi kaile hotelini.

Siku itakayokushangaza zaidi iko nusu ya pili ya mwezi. Siku ya sita ya giza, yaani tangu mwezi mpevu uanze kupungua, ndiyo Randhan Chhath: wanawake hupika kutwa: puri, sukhdi (vitamu vya unga, samli na sukari guru), na thepla, zile chapati za uwatu zinazokaa siku kadhaa bila kuharibika. Usiku jiko linasafishwa na kuabudiwa. Kesho yake, Shitala Satam, moto hauwashwi. Ni siku ya Shitala, mungu wa kike aliyehofiwa kwa ndui, ambaye inaaminika huja kujipoza kwenye jiko, akilikuta la moto anakasirika. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, lakini jiko la Ba liliendelea kupumzika, na sikuona sababu ya kumkumbusha. Muulize mwenye nyumba kama jiko la mpangaji nalo limo. Likiwemo, jaza chupa ya chai usiku. Thepla baridi na mtindi ni chakula kizuri kuliko inavyosikika.

Ukialikwa hekaluni, ujue kwamba maziwa na maji yanayomiminwa juu ya lingam, lile jiwe linalomwakilisha Shiva, yanatokana na kisa cha Shiva kumeza sumu iliyotoka baharini miungu na mashetani walipoisukasuka. Aliizuia kooni, koo likawa buluu, na waumini wanampoza. Zawadi salama ni majani ya mti wa bili, yale yenye vidole vitatu. Usijipeleke na maua ya kunukia kwa mazoea ya nyumbani. Ketaki, jamaa ya mkadi wetu, hapewi Shiva, kwani inasimuliwa alimtolea mungu Brahma ushahidi wa uongo. Tulsi, ndugu wa mrehani, ni wa Vishnu na Krishna, mungu anayeaminika kuwa Vishnu katika umbo la mtu. Ukizunguka lingam, usivuke mfereji wa maji. Fika hapo, geuka, rudi ulikotoka. Hekalu la Somnath, kule baharini karibu na mji wa Veraval, simu haziingii ndani, na tangu 2015 asiye Mhindu anatakiwa aombe ruhusa ofisini kwanza. Fanya hivyo mapema, kwani Jumatatu za Shravan foleni ni ndefu mno.

Prasad, chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, utapewa tu. Ukiona dini yako haikuruhusu, weka mkono kifuani na useme hivyo kwa upole. Ba alikuwa na wapangaji Waislamu kabla yangu, akawa anawawekea ndizi ambazo hazijapelekwa mbele ya sanamu. Ukipokea, pokea kwa mkono wa kulia.

Kisha inakuja Janmashtami, kuzaliwa kwa Krishna, usiku wa manane, na Rajkot hufanya maonyesho yake makubwa ya Lokmelo. Nenda, panda mabembea, linda mfuko. Lakini siku hizohizo Wagujarati wengi hucheza karata, na nyumba za watu wanaoheshimika huanza kwa mchezo zikaishia kwenye pesa. Watakwambia ni mila, na kweli ni mila. Kamari vilevile ni kosa kisheria, na polisi huvamia kila mwaka. Mwenyeji akikamatwa hulipa akarudi nyumbani. Wewe una viza ya mwanafunzi. Pesa zikiwekwa mezani, aga, panda ghorofani ukalale.