Releve imeungua: je, nirudi mwaka wa kwanza?

SWALI: Nilimaliza G2 (mwaka wa pili wa chuo) ya usimamizi Goma, mwaka wa masomo 2018-2019. Mei 2021 lava ya Nyiragongo ikaunguza nyumba pamoja na releve zangu (karatasi za alama). Sasa niko Lubumbashi, nina watoto watatu, mchana nauza vikwembe sokoni. Chuo kimoja hapa kinanitaka nianze upya. Ni lazima?
Mama wa Katuba

JIBU: Mama, usilipe minervali (karo) ya mwaka wa kwanza kabla hujapata releve mpya. Bila karatasi hiyo chuo hakina cha kupima, lakini alama zako hazikuwa nyumbani kwako peke yake. Kila baada ya deliberasyo (kikao cha walimu cha kuamua matokeo) chuo huweka PV, yaani kumbukumbu rasmi, ya matokeo ya promosyo nzima (darasa lote la mwaka huo). Humo ndimo duplikata, yaani nakala mpya ya releve, hutolewa.

Huwezi kusafiri? Mtume ndugu aliye Goma aende kwa apariteri (ofisi ya chuo inayoandikisha wanafunzi), akiwa na barua yako ya kumpa ruhusa iliyothibitishwa na noteri, na fotokopi ya kadi yako ya mpiga kura. Taja promosyo, mwaka, na kama ulifaulu sesheni ya kwanza au ya pili, maana orodha ni mbili. Majina yako yote matatu (jina, postinomu na prenomu) yaandikwe sawasawa na diploma yako ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Herufi moja ikitofautiana dosiye inaweza kurudishwa. Ukiwa na deni la zamani kwa chuo, omba kwanza kiasi chake kwa maandishi.

Releve ziwe mbili, ya G1 (mwaka wa kwanza) na ya G2, tena zionyeshe saa za kila kozi. Wengi hukwama hapa. 14 juu ya 20 haisemi kama kozi ilikuwa ya saa 30 au 60, na mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) unahesabu krediti, yaani pointi za uzito wa kila kozi: 30 kwa semesta, 180 kwa lisansi nzima ya miaka 3. Bila saa, kozi uliyoifaulu inaweza kuhesabiwa nusu au kuachwa kabisa. Ukipata na muhtasari wa yaliyofundishwa, uambatanishe.

Kisha andikia vyuo viwili vya Lubumbashi, siyo kimoja. Omba orodha yenye saini na muhuri: kozi zilizokubaliwa, na zile unazotakiwa bado kusoma. Jibu la mdomo halitakusaidia karani akihamishwa. Chuo chenye minervali ndogo kikikuongezea mwaka mzima, ni ghali kuliko kile kingine. Kwa kuwa unauza mchana, uliza pia kama mitihani na mazoezi navyo ni jioni. Masomo ya jioni peke yake hayatoshi.

Asilia mwonyeshe karani, umwachie fotokopi iliyothibitishwa.