Mjomba, ni kweli bodi yetu ilikufa mwaka 2019?

SWALI: Shikamoo mjomba. Naishi Houston, mwaka wa pili sasa najifunza ufundi bomba chini ya fundi mwenye leseni. Juzi msimamizi wetu alituambia kwamba Bunge la Texas liliifuta bodi ya leseni za mafundi bomba mwaka 2019, gavana akaifufua kwa amri. Nilidhani bodi zote ni za gavana, yeye ndiye anayeziunda na kuzivunja. Sasa nani mkubwa wa nani? Na mtu kama mimi, ambaye hata leseni kamili sijaipata, nina mahali pa kusemea?
Mwanagenzi, Houston

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Msimamizi wako hajakudanganya, amefupisha tu. Bodi yenu haikuzikwa, ila ilichungulia kaburi.

Taasisi nyingi za serikali ya Texas zimeandikiwa siku yao ya mwisho ndani ya sheria yenyewe. Siku hiyo ikifika kabla Bunge halijapitisha sheria ya kuziendeleza, zinafutika zenyewe. Hakuna anayehitaji kupiga kura ya kuziua. Utaratibu huu ulianza mwaka 1977 na unaitwa Sunset, yaani machweo. Tume inayouendesha ina watu 12: maseneta 5, wabunge 5 na raia 2. Kwa kawaida zamu ya taasisi hurudi kila baada ya miaka 12. Zamu ikifika, wafanyakazi wa tume huingia ofisini, wakapekua majalada, wakauliza swali ambalo wakubwa wengi hawapendi kuulizwa: kazi hii bado inahitajika? Na kama inahitajika, ni lazima muifanye nyinyi?

Kwa upande wenu, jibu la tume lilikuwa kwamba kazi inahitajika lakini si lazima iwe na bodi yake. Ikapendekeza leseni zenu zihamie TDLR, idara kubwa ya leseni iliyokuwa tayari na mafundi umeme, vinyozi na watengeneza nywele. Muswada ukaandikwa, ukabishaniwa miezi kadhaa, na mwishoni mwa Mei 2019 Baraza la Wawakilishi likaukataa. Hapa ndipo wengi walipopotea. Waliona kuwa kuukataa muswada wa kuihamisha bodi ni kuiokoa. Kumbe muswada uleule ndio uliobeba uhai wa sheria yenu. Ulipoanguka, vyote vikaanguka pamoja. Bunge la Texas hukutana siku 140 tu, tena katika miaka ya namba witiri peke yake. Siku zikaisha, wabunge wakarudi makwao. Sheria ya ufundi bomba ilikuwa ikome tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na bodi ipewe mwaka mmoja wa kufunga mafaili.

Gavana Greg Abbott angeweza kuita kikao maalumu, maana haki hiyo ni yake peke yake. Hakukiita. Mwezi Juni alitumia mamlaka ya maafa: kimbunga Harvey kilikuwa kimeipiga pwani mwaka 2017, akasema kuijenga upya kunahitaji mafundi bomba wenye leseni, akasimamisha kufutwa kwa bodi hadi mwisho wa Mei 2021. Mwaka 2021 Bunge likarudi na kuiendeleza kwa sheria. Nitakuambia ninavyoona: nilifurahi kwamba hamkupoteza leseni, lakini njia ile sikuipenda. Mamlaka ya maafa yamewekwa kwa ajili ya maji yaliyojaa ndani ya nyumba za watu. Bunge likishindwa kumaliza kazi yake, dawa ni kuliita lirudi liimalize.

Sasa nani mkubwa wa nani. Gavana huteua wajumbe tisa wa bodi yenu, na Seneti huwathibitisha. Lakini kila mjumbe anakaa miaka sita, vipindi vyao vimepishanishwa, na gavana mwenyewe anachaguliwa kwa miaka minne. Gavana mpya akiingia anawakuta wateule wa mwenzake wamekaa vitini, na hana ruhusa ya kuwaondoa hivi hivi. Hata aliowateua mwenyewe hawezi kuwafukuza bila theluthi mbili ya maseneta waliopo kukubali. Mkurugenzi mtendaji anayeendesha ofisi siku kwa siku huajiriwa na bodi. Nilikuwa karani wa leseni Austin, mji mkuu wa jimbo, kwa miaka 17, na barua zilizoandikwa kwa gavana zilikuwa zikiteremshwa kwetu kila wiki, zimepigwa mhuri wa kupokelewa. Waliokuwa wameziandika walidhani wamepuuzwa. Hawakupuuzwa. Ufunguo wa mlango ule gavana hakuwa nao.

Wazee waliogawa funguo hivi walifanya makusudi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, gavana Edmund J. Davis alikuwa na nguvu kubwa ya kuteua maofisa na polisi wa jimbo chini yake. Aliposhindwa uchaguzi alikataa kutoka. Januari 1874 jengo la serikali lilikuwa na magavana wawili: Davis na walinzi wake ghorofa ya chini, mshindi Richard Coke na wabunge ghorofa ya juu. Davis akamwomba Rais Grant askari, Grant akakataa, Davis akaondoka. Miaka miwili baadaye ikapitishwa katiba ya 1876, ambayo ndiyo tunayoitumia hadi leo pamoja na marekebisho yake mengi, na waandishi wake hawakutaka tena gavana wa namna ile. Ndiyo maana mwanasheria mkuu, mdhibiti wa fedha na kamishna wa ardhi wanapigiwa kura na wananchi moja kwa moja, na gavana hawaamuru. Naibu gavana naye anachaguliwa peke yake, tena ndiye anayeongoza Seneti. Hata Tume ya Reli ina wajumbe watatu wa kuchaguliwa, ingawa mambo ya reli yaliondoka mikononi mwake mwaka 2005 na sasa inashughulika na mafuta, gesi na mabomba ya kuvisafirisha.

Usije ukadhani kila mahali ni hivyo. Afya na huduma za jamii ziko chini ya kamishna mtendaji mmoja anayeteuliwa na gavana, na mwaka 2003 Bunge lilizikusanya taasisi 12 za sekta hiyo zikawa 5. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua yoyote, uliza kwanza: mkuu wa ofisi hii ameajiriwa na nani? Huyo ndiye wa kumwandikia.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Mahali pa kusemea papo, na hakuna atakayekuuliza leseni. Bodi hukutana hadharani, ajenda hutangazwa mapema, na huwa kuna muda wa watu wa nje kuzungumza. Ukitaka nyaraka, sheria ya taarifa za umma inakuruhusu kuziomba kwa maandishi, na ofisi hairuhusiwi kukuuliza unazitakia nini. Ikitaka kukunyima, kwa kawaida inapaswa kuomba uamuzi wa mwanasheria mkuu ndani ya siku 10 za kazi. Na zamu ya machweo ikifika, tume husikiliza wananchi kule Capitol, jengo la Bunge, kabla haijapiga kura. Mabingwa wenye leseni huwa wamejaa mle. Wanagenzi sikuwa nikiwaona, na ndio wanaojua foleni ya mtihani ilivyo.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha bodi moja, si yenu na sitaitaja. Fundi mmoja mzee aliitwa, akapewa dakika tatu. Alikuwa ameandikiwa hotuba, lakini karatasi ikawa inatetemeka mkononi, akaikunja. Akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake kipande cha waya kilichoungua, ganda limeyeyuka na kuganda tena kama nta ya mshumaa. Akakiweka mezani, akasema, "Hiki nimekitoa ukutani, chumba cha mtoto. Aliyekifunga ana leseni yenu." Mafundi waliokuwa kwenye bodi walikitazama tu. Aliyenyoosha mkono ni mjumbe anayewakilisha wananchi, mwalimu mstaafu: "Kwenye mtihani wenu, kuna mahali mtu anashika waya?" Hapakuwa na jibu siku ile. Kikao kilichofuata, swali hilo lilikuwa namba nne kwenye ajenda.

Kutoka Houston hadi Austin ni kama saa tatu kwa gari. Andika maneno yako nyumbani, yasome kwa sauti huku unatazama saa, yakizidi dakika mbili yapunguze. Na kama una kitu cha kuweka mezani, kibebe.