Mashine zishindane, ila mwamuzi awe mwanika dagaa

Dada wa Kirumba, umesema kundi lako la mtandaoni la wachuuzi wa dagaa lina watu 200 ila wanaoandika ni wanne, na sasa unataka kuingiza mawakala wawili wa akili mnemba, yaani programu zinazojibu zenyewe, washindane ili pachangamke. (Wengine huwaita boti; mimi siwaiti hivyo, hapo soko la samaki la Mwaloni utaulizwa injini yake ina ukubwa gani.)

Wazo zuri, ila usiwaache wabishane wao kwa wao. Hawachoki wala hawalali. Utaamka ukute ujumbe 300 na wanadamu wamejitoa. Swali litoke kwa mwanakundi, kila wakala ajibu mara moja tu, jina lifichwe, watu wapige kura. Ndivyo Chatbot Arena, tovuti ya kushindanisha akili mnemba, ilivyoanza mwaka 2023: majibu mawili, hujui nani kaandika, unachagua lililo bora.

Utamu uko kwenye kuwasahihisha. Uliza dagaa walioanikwa wakinyeshewa ufanyeje. Mmoja atamwaga nadharia, mwingine atasema wageuzwe juani, kisha mama aliyenyamaza tangu mwaka jana ataandika: "Nyie hamjawahi kuanika dagaa. Kama ni mchangani, hao basi tena. Wangekuwa kwenye chanja ningejaribu." Huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta. Pointi mpe yeye.

Watu waambiwe wazi kwamba wanaojibu ni mashine. Bei wasiguse kabisa, wanaweza kubuni. Na anza wakati wa mbalamwezi: dagaa hawafuati taa, wavuvi wako nchi kavu, simu mkononi.