Akifumbua macho baada ya nusu kaputi, usimwache bado

Ukiambiwa mgonjwa wako ametoka chumba cha upasuaji na ameshaamka, usikimbilie kuita bodaboda. Natamani kila ndugu anayesindikiza mgonjwa hapa Moshi alijue hili mapema.

Kinachotudanganya ni kwamba dawa nyingi za usingizi za mshipani humwachia mtu haraka. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, dozi moja humlaza dakika chache tu. Lakini anapoamka dawa haijamwisha mwilini. Imetoka kwenye ubongo ikahamia kwenye misuli na mafuta. Ndiyo maana anakusalimia vizuri, halafu baada ya muda anauliza tena kama ameshapasuliwa.

Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, ina mambo yake. Macho yanaweza kuwa wazi, yanachezacheza, kumbe hakusikii. Akianza kuzinduka, wengine huona mambo ya ajabu au hulia. Dada yangu aliwaita marehemu wa ukoo kwa majina, shangazi akasimama kukemea mapepo kwa sauti. Nikamwambia, "Shangazi, naomba tunyamaze kidogo, hiyo ni dawa." Makelele na kumtikisa mgonjwa humzidishia hofu. Akae mahali patulivu, azungumzwe polepole na mtu mmoja anayemfahamu. Dada alitulia, na baadaye hakukumbuka lolote. Wazee waelezwe haya kabla ya upasuaji, maana mgonjwa akishaanza kupiga kelele hakuna anayesikiliza maelezo.

Akikoroma sana au pumzi ikikatika, mwite muuguzi papo hapo. Huenda njia ya hewa inaziba. Usingoje kuona kama itapita. Na ule mtori uliobebwa kwa upendo kutoka Kibosho usubiri muuguzi aruhusu, kwani mtu mwenye usingizi akitapika anaweza kupaliwa.

Akiruhusiwa kurudi siku hiyohiyo, tafuta gari. Kwenye pikipiki anaweza kusinzia akaanguka. Kwa saa 24 asiendeshe chombo, asipike peke yake, asiguse mbege wala pombe nyingine, asimeze vidonge vya usingizi ambavyo daktari hakuvitaja. Asitume pesa kwa simu. Mambo ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na karatasi za kusaini yangoje, hata kama ndugu wote wamekusanyika. Usiku huo mtu mzima alale naye chumba kimoja, na kabla hamjaondoka wodini ombeni namba ya kupiga akitapika mfululizo, akipumua kwa shida au akiwa mgumu kuamka.