Anko, eti Warumi walikuwa hawasikii baridi?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni dereva boda hapa Arusha, kijiwe chetu kiko Sakina, na huu mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri baridi yake unaijua mwenyewe, navaa masweta matatu na koti juu alafu gazeti kifuani maana upepo wa pikipiki unaingia mpaka kwenye mbavu. Sasa kuna mzee abiria wangu kila akipanda lazima anicheke, anasema vijana tumekuwa legelege, eti Warumi walitawala dunia sababu Kaisari wao alikuwa anatembea na jeshi kichwa wazi, mvua yake jua lake. Ni kweli au ananipiga kamba? – Boda wa Sakina

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mzee hajakudanganya ila kachagua upande unaomfaa. Kaisari wa kichwa wazi alikuwepo, ni Hadrian, alitawala kuanzia 117 mpaka 138, akiwa kambini anakula wanachokula askari, nyama ya nguruwe na jibini, anashushia na siki iliyochanganywa na maji, na kwenye theluji ya Ujerumani au jua la Misri havai kitu kichwani. Askari wenyewe ndo usiseme, kuruta alifundishwa kutembea karibu kilomita 30 kwa masaa matano, na mzigo wa kama kilo 20 mgongoni, yani kama mpagazi wetu wa Kilimanjaro tu.

Sasa muulize mzee kama anamjua Augustus. Ndo yule Kaisari Augusto wa Luka sura ya 2 aliyetoa amri watu wahesabiwe, Kaisari wa kwanza kabisa, na huyo bwana baridi alikuwa haiwezi hata kidogo! Suetonius aliyeandika habari zake anasema kipupwe kikiingia anavaa kanzu nne, juu yake toga nzito (lile shuka kubwa la Kirumi la kujizungushia mwilini), ndani fulana na kitambaa cha sufu cha kukinga kifua (gazeti lako hilo), alafu anafunga vitambaa mapajani na kwenye miundi. Kwa hiyo wewe na masweta matatu bado hujamfikia. Na jua nalo haliwezi, hata la kipupwe, nje hatoki bila kofia ya pama, kiangazi analala milango wazi na mtu anampepea. Safari anabebwa kwenye machela, usiku, polepole, mpaka Tibur ambako ni kama kilomita 30 kutoka Roma anatumia siku mbili, hiyo haifiki hata nusu ya Arusha–Moshi. Radi ikipiga anajificha chumba cha chini, ila hapo simcheki, akiwa vitani Hispania radi ilipita ubavuni mwa machela yake ikamuua mtumwa aliyemshikia mwenge.

Na huyo wa kanzu nne alifariki mwaka 14, kabakiza mwezi tu atimize miaka 76. Hadrian alifika 62, na habari zake za zamani zinasema huko kuzunguka kichwa wazi kwenye baridi na mvua ndo kulimletea ugonjwa uliomlaza kitandani.

Alafu hata hao askari, pale Vindolanda, kambi yao kaskazini mwa Uingereza, ilichimbuliwa barua ya kwenye kibao cha mti, iliyoandikwa kama mwaka 100 hivi, mtu anamwambia mwenzie wa kambini nimekutumia soksi, jozi mbili za sandali na chupi mbili.