Theluji ya Lapland: Levi au Ylläs?

SWALI: Assalaam aleikum Shangazi. Mkwe wangu yuko Helsinki na anataka twende sote Lapland, kaskazini mwa Finland, tukateleze kwenye theluji Desemba. Nichague kituo kipi cha kuteleza, Levi au Ylläs? Mimi baridi ninayoijua ni ya kusi tu. – Mama Zuhura, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Tuanze na mwezi. Desemba huko kuna siku jua halichomozi kabisa. Mchana ni mwanga hafifu wa samawati, halafu giza. (Nyakati za swala kamuulize sheikh mapema.) Mwambie mkwe angoje mwisho wa Machi: jua lipo, na theluji bado tele.

Mahali, mimi nasema Levi. Ylläs ina mteremko wa kilomita 3, mrefu kuliko yote Finland, na mkwe ataupenda. Lakini wewe unaanza. Levi hoteli na maduka viko chini ya kilima, uwanja wa ndege wa Kittilä uko karibu, na kuna vibanda vya kioo vinavyopanda kwa waya. Ukichoka, unapanda, unatazama wenzio wakianguka.

Skii (zile mbao ndefu za kutelezea) na viatu vyake hukodishwa hapo hapo. Viatu ni vigumu, vina vifungo vya chuma; vaa soksi moja ndefu ya sufi, si mbili, zitakubana damu isipite. Fulana ya pamba iache Lamu, ikilowa jasho utatetemeka. Buibui nalo livae hotelini. Mlimani suruali nene na koti refu.

Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje.